Magoti Mlangoni kwa Muuza Mapanki

Katika kikundi chetu cha akina mama wa Kiseke, neno kulazimisha sikulisikia hata siku moja. Nimejaribu sana kukumbuka, maana sipendi kumsingizia mtu, lakini silikumbuki. Tulikuwa na maneno yetu mengine. Asiyekuja msibani alikumbushwa. Aliyekumbushwa akakaidi alinyooshwa kidogo. Mama mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti, alipenda kusema, "Sisi hatumshiki mtu mkono. Tunamfundisha ujirani." Na hakuwa anatania. Huyu ndiye aliyempakia mama yangu kwenye baiskeli yake mwenyewe akaisukuma kutoka kwetu hadi zahanati, mvua inanyesha, mimi nyuma nimeshika tu mgongo wa mgonjwa asianguke. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani nitamsema vibaya.

Kukumbusha kwenyewe kulikuwa hivi. Nyumba ikifiwa, kila nyumba nyingine ilitoa mwanamke wa kuchota maji, kutafuta kuni na kupika mpaka matanga yaanuliwe. Ambaye hakuonekana siku ya kuzika, wenzake walikwenda kwake wakiimba, wakaingia jikoni, wakabeba chombo kimoja cha kupikia. Haikuwa wizi. Tulikubaliana wote, na mimi nilinyoosha mkono siku ile tulipokubaliana. Chombo kilipelekwa kupikia pale pale msibani, ili mwenyewe awe amefika hata kama hakufika. Halafu kikabaki kwa wafiwa. Kukikomboa hakukuhitaji fedha. Mwenyewe alikuja, akafanya kazi aliyopangiwa, kisha akasimama mbele ya wenzake akasema, "Nimekosa, jirani zangu." Wakampigia vigelegele, akabeba chombo chake, akaenda zake.

Hata mimi nilishachukuliwa sufuria. Nilikuwa nimekwenda Bujora kwa kaka yangu, nikanogewa na maongezi, nikarudi kesho yake na kukuta jikoni pamepungua. Nilikwenda, nikaosha vyombo vya watu, nikasema nimekosa, wakanicheka, nami nikacheka. Sikujisikia kuonewa hata kidogo. Kwa hiyo siwezi kusema utaratibu ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Labda ulikuwa mzuri kwa watu wa jembe. Jembe ukiliacha leo, kesho utalikuta pale pale linakusubiri.

Baba yangu naye alikuwa na neno lake. Ule mwaka watu walipohamishiwa vijijini, yeye akaacha nyumba yake mlango wazi na maboga yakiwa bado shambani, hakuwahi kusema walilazimishwa. Alisema, "Tulipakiwa."

"Hamkukataa, baba?"

"Gunia la pamba linakataa?"

Kisha anacheka mpaka anakohoa. Nimetaja habari hii kwa sababu baba atarudi huko mbele, na kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambayo mambo ya aina hii yalisemwa kwa kuzungukwa.

Sasa jirani yangu. Alitoka Nansio na watoto wake wawili, kile kiwanda cha minofu ya samaki kilipofunguliwa huku ufukweni. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anafungua kitu, hata mwalimu wangu wa zamani alikuwa na genge la nyanya. Minofu ya sangara ilipanda ndege, na sisi tulibakiwa na mapanki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia. Jirani yangu aliyanunua getini, akayakaanga nyumbani kwake, akauza njia panda. Watoto wake walisoma kwa mapanki na walivaa kwa mapanki. Geti lilikuwa na msimamizi wake na foleni yake. Kila mwanamke alikuwa na zamu, na ukiikosa siku moja anapewa mwingine, wala hapakuwa na wa kumlalamikia. Kabla ya alfajiri alikuwa ameshaondoka na tenga lake.

Karai lake lilijulikana Kiseke nzima. Lilitengenezwa kwa bati la pipa, mafundi wakaligonga nyundo likawa na tumbo pana, na mikono miwili ya nondo. Panki zima lililala ndani bila kukatwa. Ndani lilikuwa jeusi linalong'aa kwa mafuta ya siku nyingi, na samaki alikuwa hagandi hata kidogo. Aliliosha kwa majivu tu, hakuligusa kwa sabuni. Mtoto wake akitaka kulichezea alifokewa.

Mama yangu alipougua tumbo, jirani huyu alimaliza kuuza mchana akaja kukaa naye. Alileta supu ya kichwa cha sangara kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Mimi ndiye mtoto wa kike niliyebaki nyumbani, nilikuwa na baba mzee na shamba la mihogo, kwa hiyo zile saa za mchana mama alikuwa wake. Nilikuwa nawasikia wakitaniana, huyu Msukuma na yule Mkerewe.

"Nyie wa ziwani hamjui kulima."

"Na nyie wa ng'ombe hamjui kuoga, mama."

Mama alimwita "mwanangu wa ziwani". Mimi, jirani aliniita mdogo wangu, na mimi nilimwita dada, maana alinizidi miaka mingi. Kila asubuhi tulipokutana nilimwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba huku akinibana kidole changu hiki kidogo cha mwisho. Ilikuwa tabia yake.

Mama alifariki alfajiri. Yowe lilipopigwa jirani alikuwa ameshakwenda getini. Alirudi mchana, akasikia, akaja mbio na tenga kichwani, akalia nasi mpaka jioni. Kesho yake ndipo tulipozika. Kesho yake hiyo asubuhi hakuonekana, na makaburini hakuonekana. Nilimtafuta kwa macho, nakiri, lakini siku ya kumzika mama yako macho yanatafuta watu wengi.

Tuliporudi kutoka kuzika nilisikia akina mama wakiimba kule upande wa kwake. Nilijua wanafanya nini. Sikuinuka kwenye mkeka. Sijui kama mfiwa anatakiwa kuinuka.

Jirani alikuja jua likiwa limeinama. Akakaa karibu yangu, akanibana kile kidole. Halafu akainua macho akaliona karai lake juu ya mafiga, limejaa maharage ya waombolezaji, linatokota.

"Lile si karai langu?"

"Umekumbushwa, mwenzetu," mwanamke mmoja akamjibu akiwa anakoroga. "Samaki wameshiba, sasa na watu nao washibe."

"Mmelichemshia maharage?"

"Tulichemshie nini, chai?"

Watu wakacheka. Kicheko cha msibani kile, cha watu waliochoka. Mtu asiyekaanga hawezi kujua, lakini karai la namna ile likichemshiwa maji na chumvi siku nzima, yale mafuta yaliyoingia kwenye chuma yanatoka, na utahangaika sana kabla samaki hajaacha kuganda. Yeye alijua. Nilimwona anajua. Hakugomba. Aliinuka akachukua ndoo, akachota maji mpaka giza likaingia.

Akaendelea hivyo. Asubuhi getini, akitoka getini anakuja kwetu, anachota, anapasua kuni, anakwenda. Nadhani hakuna mwanamke aliyefanya kazi kwenye msiba wa mama kama yeye. Mama mwenyekiti aliona, na kwa haki yake niseme aliisifia kazi ile mbele ya watu. Akamwita katikati ya uwanja.

"Haya, mayu, kazi tumeiona. Sema neno letu ubebe kalai lako." Alisema kalai, kama wengi wetu tunavyosema.

"Kazi nitafanya, mama mwenyekiti. Hata mkiongeza nitafanya. Kusema, sitasema."

"Husemi?"

"Sikukosa. Marehemu mwenyewe aliniambia. 'Siku nikifa, mwanangu, usiache zamu yako kwa ajili yangu. Watoto hawali matanga.' Ndivyo alivyosema, pale pale alipokuwa amelala."

"Shahidi wako nani?"

"Shahidi tumemzika."

"Tumemzika!" mwanamke wa kukoroga akadakia. "Wewe ulimzika lini?"

Basi pakawa na kelele. Mmoja akasema siku hizi marehemu wanatumwa kama watoto wa dukani. Mwingine akasema huyu amependa panki kuliko mtu, na neno hilo likapendwa, likarudiwa, mpaka watoto wakalijua. Mama mwenyekiti hakucheka. Alimwambia jirani yangu, "Karai litakaa."

Je, mama alisema vile? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mimi sikuwepo. Ni maneno anayoweza kuyasema kabisa, hata hilo la watoto hawali matanga nalisikia kwa sauti yake. Lakini mama huyo huyo alikuwa wa kwanza kwenye misiba ya watu, akienda na michembe yake, viazi vya kukaushwa, kwenye kikapu, na aliwahi kuingia jikoni kwa mtu kubeba sufuria, tena akiwa mbele ya wimbo. Nikiapishwa leo nitasema sijui.

Siku zikapita, matanga hayakuweza kuanuliwa. Ilisemwa kwamba tanga haliondoki nyumbani kama pana jambo linaning'inia. Kaka yangu wa Bujora alikuwa na ng'ombe wake walioachiwa watu, anataka kuondoka. Akaniambia, "Mbane huyo mama. Wewe ndiye mwenye msiba, unamwogopa nini?" Wageni walikuwa wanalala uwanjani, wanakula. Baba alikuwa chumbani, na kile kikohozi cha kicheko sasa kilikuwa kinakuja bila kicheko.

Nikamwendea mama mwenyekiti. Alikuwa amekaa kwenye jiwe anachambua mchicha.

"Mama, mimi nikimwambia abebe tu karai lake, itakuwa vibaya?"

"Chombo kiko kwa mfiwa," akasema. "Mfiwa akisema beba, nani atambishia? Mpe."

Nikafurahi. Akachambua majani mengine kidogo.

"Ila siku mzee wako akilala, mwanangu, na yeye ni mtu mzima, tutaulizana kama kikundi bado kipo. Maana kila mtu atakuwa na marehemu wake aliyemruhusu."

Hakusema kwa ukali. Wala sidhani alikuwa ananitisha, alikuwa anasema anachokiona. Kama kila mtu ana zamu yake getini na dukani na stendi, nani atamchimbia mwenzake kaburi? Na mimi pia niliona hivyo. Lakini nilichokiona zaidi ni baba amelala ndani, amefunikwa, na uwanja hauna mtu.

Kwa hiyo sikulitoa karai, na sikumbana jirani kama kaka alivyotaka. Nikatafuta njia ya tatu, na niliiona ni njia ya upole.

Nilikwenda kwake asubuhi moja alipokuwa ametoka getini. Alikuwa nyuma ya nyumba anakaanga kwenye sufuria ya ugali, kasufuria kadogo. Panki limesimama ndani, kichwa kimezama kwenye mafuta na mkia uko nje hewani, mbichi. Analigeuza, mkia uingie, kichwa kitoke. Mafuta yanamwagika kwenye moto. Watoto wake walikuwa wamekaa pembeni, mmoja na madaftari yake kifuani, wanasubiri mama auze waende shule.

"Hodi, dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Mbona umeacha wageni asubuhi yote—"

Hakumaliza. Nilikuwa nimepiga magoti.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanamke kupiga magoti anapomwamkia mkubwa si kitu. Lakini mfiwa hapigi magoti. Mfiwa amekaa, watu ndio wanamjia. Mfiwa akikupigia magoti mlangoni kwako, matanga bado hayajaanuliwa, watu wetu wanasema amekuletea kilio chake, ukimwacha arudi nacho kitahamia kwako. Wazee wa Nansio nao wanasema hivyo hivyo, au karibu na hivyo, mama na yeye waliwahi kuzungumza habari hiyo nikiwasikia. Kwa hiyo nilijua, na yeye alijua. Siwezi kusema sikujua.

"Inuka! Inuka, wewe, watoto wanaona!"

"Siinuki, dada."

"Nani kakutuma? Mwenyekiti?"

"Hakuna aliyenituma. Nakuomba mimi mwenyewe. Sema lile neno. Ni neno tu, likishatoka limekwisha."

"Kwako ni neno."

"Watu wamechoka. Baba anaumwa. Karai lako lipo, nitalibeba mimi mwenyewe nilisugue."

Akaepua sufuria, akaiweka chini. Akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu. Akaongea polepole, kama unavyoongea na mtu mwenye homa.

"Unadhani nilitunga, yale ya mama yako?"

"Sidhani."

"Unaamini alisema?"

"Sikuwepo, dada."

"Haya. Mimi nilikuwepo. Sasa nikisimama pale nikasema nimekosa, nani atakuwa ametunga? Si nitakuwa nimesema mama yako hakusema? Ndicho unachonitaka nikiseme, wewe, mtoto wake?"

Nilianza kulia. Machozi yalikuwa ya kweli, mama alikuwa na siku chache tu ardhini. Lakini niliona yanamwingia. Niliona macho yake yanatoka usoni kwangu yanakwenda kwa watoto wake, yanarudi. Nilipoona hivyo sikuyafuta. Niliyaacha yateremke. Hicho ndicho ninachokirudia kila nikikaa peke yangu, kwamba mkono ulikuwa huru, kanga ilikuwa begani, na sikuyafuta.

Mtoto yule mwenye madaftari akaanza kulia naye.

"Basi," jirani akasema. "Basi, basi, basi. Umenimaliza. Inuka."

"Utasema?"

"Si nimekwambia basi?"

"Sema kwamba utasema, dada."

Akanitazama. Naamini ndipo aliponiona kwa mara ya kwanza.

"Nitasema," akajibu.

Nikainuka, nikamshukuru. Nilimwambia wabeja, kwa lugha ya mama. Nikatembea kurudi nyumbani kati ya yale mawe makubwa, kifua kimekuwa chepesi. Kusema kweli niliona nimefanya jambo jema, nimepatanisha watu.

Alasiri akina mama wakakusanyika uwanjani kwetu. Karai lilikuwa limeegeshwa ukutani, ndani limegeuka rangi ya kutu. Jirani akaja na kanga safi, akasimama pale wanaposimama wote. Akasema nimekosa, jirani zangu. Akasema kwa sauti ndogo.

"Hatujasikia!" wakaitikia. Hilo lilikuwa la kawaida, hata mimi nilifanyiwa.

"Nimekosa, jirani zangu."

"Umekosa nini?" Hilo halikuwa la kawaida.

"Sikuja kuzika."

"Kwa nini hukuja?"

Yule mwanamke wa kukoroga akamsaidia kwa mzaha, "Kwa sababu nilipenda..."

"Kwa sababu nilipenda panki kuliko mtu," jirani akasema, sauti moja tu, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, mwingine akajitupa chini kwa kucheka. Mama mwenyekiti akanyoosha mkono kuwatuliza, nikaona hakupenda ile nyongeza. Namtendea haki, hakuipenda. Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nikasikia uso wangu unatabasamu. Sikuutuma. Uso ukiwa katikati ya nyuso zinazocheka unafanya hivyo wenyewe, au ndivyo ninavyojitetea. Jirani alinitazama wakati huo huo. Kisha akaenda ukutani, akabeba karai lake, akaliweka kichwani, akaondoka.

Matanga yakaanuliwa. Kaka akarudi Bujora kwa ng'ombe wake. Mama mwenyekiti alikuja kuniaga jioni ile, akanishika mabega. "Mwanangu, wewe ndiye uliyemweza. Sisi tumepiga kelele siku zote hizi, kumbe yalitakiwa magoti tu." Alisema kwa kunishukuru. Baadaye kidogo kulipotokea mama mwingine mkaidi, mwenye duka la mitumba, walikuja kuniita. "Twende na wewe, una mkono mzuri." Niliwaambia magoti yananiuma. Nilipaswa kusema neno jingine, lakini hilo ndilo lililotoka.

Tangu hapo nimekuwa nikiyajaribu maneno moja moja, kama mtu anayejaribu funguo. Kumtisha, sikumtisha. Kumwonea, wanaoonea wana nguvu, na mimi nilikuwa chini kwenye vumbi. Kumshurutisha ni neno la serikali. Kumbana nilikataa, kaka ni shahidi. Kumbembeleza ndilo linalokuja karibu, lakini tunambembeleza mtoto alale, na asubuhi mtoto anaamka hajapungukiwa kitu. Elimu yangu ni darasa la saba, labda neno lipo na sikufundishwa. Ninachojua ni kwamba kikundi kizima kilimvuta siku zote zile akasimama, na mimi nikamwangusha asubuhi moja kwa kilio cha mama yangu, ambaye pengine alimwambia asiache zamu.

Kesho yake baada ya matanga nilikuwa nafagia. Akapita njiani na tenga kichwani, maji ya samaki yanamchuruzika shingoni. Nikafungua mdomo nimwamkie. Akaniwahi.

"Shikamoo."

Nikadhani anatania. Mtu mzima hamwamkii mtoto. Nikacheka, nikasema, "Aa, dada, mimi ndiye nikusalimie. Shikamoo."

Hakuitikia. Alisimama na tenga lake, hakuangalia uso wangu, alitazama ufagio. Nikasema tena. Akasema tena, kwa adabu kabisa, bila kejeli ninayoweza kuionyesha kwa mtu.

"Shikamoo."

"Dada, usinifanyie hivyo."

Akasubiri. Tenga lile la mapanki ni zito, nililijaribu wakati mmoja nikashindwa kulifikisha begani. Maji yakawa yanamdondokea mguuni. Nilielewa kwamba hataondoka mpaka niitikie.

"Marahaba," nikasema.

Akaenda.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Wanawake wa kisimani walichekeshwa, wakasema nimemtia adabu. Nilijaribu kubadili njia, nilijaribu kutoka nimechelewa. Nilimpelekea mihogo, akapokea kwa mikono miwili, akakunja goti, "Asante, shikamoo." Kidole changu hakukigusa tena. Na kwenye misiba ya Kiseke akawa hakosi. Mtu akilala leo, yeye ndiye wa kwanza kufika na ndoo. Msiba mmoja wa upande wa juu ulikula siku zake za getini, akarudi akakuta zamu ina mtu mwingine. Akaanza kununua mapanki kwa wale wenye zamu, kwa bei yao, akawa anakaanga machache. Hakumlalamikia mtu. Mimi ndiye niliyelalamika kwa mama mwenyekiti, nikasema huyu angeruhusiwa. Akanijibu, "Sisi tumemzuia lini? Anakuja mwenyewe." Na ni kweli, alikuwa anakuja mwenyewe.

Baba alifariki mwaka uliofuata, mchana, kwenye kiti chake. Nilipiga yowe nikiwa bado nimemshika kichwa. Nilikuwa na ile hofu yangu ya zamani, nikawa natazama mlangoni kupitia machozi kama kuna mtu atakuja.

Uwanja ulijaa. Sijaona msiba umejaa vile. Lakini kabla haujajaa alikuja yeye, peke yake, anatembea haraka kati ya mawe, amebeba karai kichwani kama kofia. Lilikuwa limeshaanza kurudi weusi wake, kazi ya mwaka mzima ya mafuta. Akalishusha, akapanga mafiga matatu, akaliweka juu, akamimina maji, akanyoosha mkono aletewe maharage. Hakuna aliyemkumbusha.

Nikainuka nimzuie. Nikasema, "Si hilo, dada, tuna sufuria."

Akageuka akakunja goti, mwiko mkononi.

"Shikamoo," akasema, akasubiri.

Maji yalikuwa yameanza kutoa sauti kwenye chuma. Nikaitikia.